Ntumba ya Pasaka

Miaka ya tisini mwanzoni, ukipita kijiji chochote jirani na Kate, huko Ufipa, hukuhitaji kuuliza nyumba ipi imesiribwa na Albina. Ungeijua mwenyewe. Wanawake wengine walipaka udongo mwekundu chini na mweupe juu, wakaridhika, wakaenda zao kusaga. Albina yeye alichora. Kwa shemeji yake alichora kuku amekusanya vifaranga chini ya mbawa. Kwa jirani mmoja, bwana mwenye mkono wa birika, alichora ghala lililofura nafaka mpaka paa linainuka. Yule bwana alifurahi mno, akawa anawaonyesha wageni ukuta wake, asijue kwamba ni ghala la yule tajiri wa Injili aliyeambiwa usiku huu roho yako inatakiwa. Albina hakumweleza. Alikuwa na adabu zake.

Kazi hiyo alifundishwa na bibi yake, Kristiana. Nyeusi ilitoka kwenye masizi ya chungu, nyeupe ilichimbwa bondeni, nyekundu ilikuwa chini ya miguu ya kila mtu, na samadi ya ng'ombe ilichanganywa ili rangi ishike. Ila ilishika mpaka masika tu. Mvua za Ufipa hazina huruma na ukuta wa mtu. Zilipoanza, vifaranga viliondoka kwanza, halafu kuku, na ilipofika Pasaka Albina alikuwa na madoa mekundu tu ya kuangalia. Kila kiangazi alianza upya. Alipotimiza miaka hamsini hakuwa na picha hata moja iliyoona kiangazi cha pili, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokiri.

Kusoma alijifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na alisoma kwa kidole, neno baada ya neno. Msidhani ulikuwa upungufu. Msomaji wa haraka huvuka Maandiko kama mwendesha baiskeli anavyovuka daraja. Albina alivuka kwa miguu, akaona kila kilichokuwamo mtoni. Mpanzi wa Injili anayemwaga mbegu mpaka njiani na kwenye mawe hakumshangaza, kwa sababu ulezi humwagwa hivyohivyo. Wale wanawali watano wenye busara nao hakuwapenda hata kidogo. Alikumbuka miaka ya foleni, mafuta ya taa yalipokuwa adimu kuliko asali, na kila mtaa ukijua ni nani ameficha chupa uvunguni.

"Walikuwa na akili, sawa," alisema siku moja kwenye jumuiya. "Ila nisingependa kukaa nao jirani."

Katekista aliguna akafungua ukurasa mwingine.

Lakini fungu moja lilimwingia kuliko yote, na halikumwingia kitabuni. Mwaka surua ilipopita kijijini ilimchukua Monika, mtoto wake wa mwisho, akiwa na miaka minne. Walimzika Jumatano. Jumamosi Albina alirudi shambani, na asilaumiwe, kwa maana majani hayangoji matanga. Ule ulikuwa msimu wa ntumba. Mvua zikiwa bado zinanyesha na majani yakiwa mabichi, Wafipa huyakata, wakayakusanya chungu chungu, wakayafukia kwa udongo uliopinduliwa mpaka shamba zima linajaa vilima vya duara vinavyofika magotini. Juu hupandwa maharage. Ndani majani huoza taratibu, na mvua za mwaka unaofuata zikianza, kilima husambazwa na ulezi humwagwa hapo. Ndivyo nchi ile ilivyokula kabla mtu hajaona mfuko wa mbolea.

Asubuhi hiyo ilikuwa na ukungu na baridi ya kuuma vidole. Albina alitoboa ntumba ya wiki mbili ili atie maharage, mkono ukazama mpaka kiwiko, akakuta joto. Jua halikuwa limetoka. Joto lilikuwa la ndani, kama la ubavu wa ng'ombe aliyelala. Alilijua tangu utoto, kila Mfipa analijua, lakini siku ile alilijua upya. Punje ya ngano isipoanguka ardhini ikafa, hukaa peke yake. Alikaa chini pale pale kwenye matope akalia, na katikati ya kilio akajikuta anacheka.

"Kumbe huko chini kuna kazi inaendelea," akasema kwa sauti, na hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Hilo alimwambia mumewe tu, Evaristi, ambaye hakuwa msemaji na alilitunza vizuri.

Sasa, kigango chao, tawi dogo la parokia, kilikuwa na mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa Kornel. Kornel hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa maendeleo, jambo ambalo mara nyingine husumbua zaidi. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, yeye ndiye wa kwanza kijijini kufungua duka lenye betri, khanga, sabuni ya kunukia na mbolea ya mifuko. Kwake yeye, kwenda Sumbawanga mjini kulikuwa kama wengine kwenda kisimani. Kwa miaka mingi alihubiri kwamba ntumba ni kilimo cha wasioona mbali, kwamba mtu wa kisasa anatia mbolea akapumzisha mgongo. Watu walimsikiliza. Halafu serikali ikapunguza ruzuku, bei ya mbolea ikapaa, na wakulima wakarudi kwenye majembe yao kimyakimya, kila mmoja akijifanya hakuwahi kuyaacha. Kornel aliona kama wamemtukana yeye.

Mwaka wa tisini na nne kanisa la kigango lilikamilika: matofali ya kuchoma, bati juu, sakafu ya saruji. Kornel alikuwa ameota picha kubwa ya dukani, yenye kioo na fremu ya dhahabu, iwekwe nyuma ya altare. Bati likameza michango yote. Ndipo kamati ikamwita Albina.

"Msalaba, Mama Beda, na maua mawili matatu," Kornel akamwagiza. Beda alikuwa mtoto wa kwanza wa Albina. "Usafi tu."

"Nimesikia, Mwenyekiti," akajibu Albina, na ni kweli alikuwa amesikia.

Alikuwa anautazama ukuta. Ulikuwa ndani. Ulikuwa chini ya bati. Katika maisha yake yote huu ndio ukuta wa kwanza ambao mvua isingeufikia, na akajua kwamba akichora maua mawili matatu hapo hatajisamehe mpaka anaingia kaburini.

Alitundika mashuka akafanya kazi nyuma yake Kwaresima nzima. Samadi aliletewa na Ngeleja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka michache nyuma na sasa yumo kwenye mafundisho ya ubatizo. Watu walikuwa bado wanawatazama ng'ombe wake kwa jicho la pembeni, lakini samadi yao hawakuikataa.

"Mama, hii unaipaka kanisani kweli?" akauliza Ngeleja huku anapakua mkokoteni.

"Mwokozi alizaliwa zizini, Ngeleja. Ameizoea."

Jumatatu ya Pasaka aliyashusha mashuka mbele ya kamati. Ukuta mzima ulikuwa shamba la ntumba, zimejipanga mpaka mlimani, zenye maharage mabichi juu. Ntumba ya katikati, kubwa kuliko zote, ilikuwa imepasuka, na ndani yake yalionekana majani yakigeuka kutoka kijani kwenda kahawia, kutoka kahawia kwenda nyeusi. Juu yake alisimama Bwana, mweupe kama udongo wa bondeni, miguu bado ina matope. Wanawake watatu walikuwa wanakuja na majembe begani. Pembeni walinzi wa kaburi walikuwa wamelala fofofo, nao walivaa kama mgambo.

Kornel alisogea karibu na ukuta.

"Mama Beda. Hii ni nini?"

"Kaburi, Mwenyekiti."

"Kaburi la Bwana lilichongwa mwambani. Imeandikwa. Lilikuwa na jiwe."

"Imeandikwa," Albina akakubali.

"Basi jiwe liko wapi?"

"Huku kwetu hatufukii kitu mwambani tukategemea kitoke."

"Umemfukia Bwana wetu kama majani!" Sauti ya Kornel ikapanda mpaka kwenye bati. "Padre anakuja Jumapili kubariki kanisa. Aone Wafipa tumemweka Mungu kwenye kilimo cha mababu? Majani yaliyooza, nyuma ya altare! La kuvunda halina ubani, Mama Beda."

"Kwetu sisi, Mwenyekiti, la kuvunda ndilo linalotulisha."

Mjumbe mmoja alikohoa kuficha kicheko, akakohoa vibaya, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Hakuna mwenye duka anayependa kuchekwa na kamati yake. Kornel aliamuru ukuta upigwe chokaa Jumamosi, na wajumbe, ambao wote walihitaji sabuni na chumvi kutoka kwake, wakakubali.

Albina alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kama mwanamke wa Kifipa anavyoomba jambo zito. "Naomba Padre aone kwanza. Akisema picha ifutwe, nitaifuta mimi kwa mikono yangu."

Ombi la magotini halikataliwi ovyo. Kornel alikubali, ila ndoo ya chokaa na brashi akaviweka tayari mlangoni.

Wiki hiyo Albina hakula chakula kikapita. Vifaranga vyote vilivyolambwa na mvua vilimrudia akilini, ukuta baada ya ukuta, mwaka baada ya mwaka, mpaka alipofika kwenye huu wa mwisho.

"Padre atakuuliza," akasema Evaristi. "Utamjibu nini?"

"Sijui. Nikisimama mbele ya watu ulimi unakuwa gunzi."

"Basi usiseme." Evaristi alifikiri kidogo. "Tangu lini wewe ulikuwa unasema?"

Jumapili Padre Leonardi alifika mapema kwa pikipiki, ametapakaa matope mpaka magotini. "Tumsifu Yesu Kristo!" Watu wakaitikia, "Milele, amina!" Aliingia kanisani, akaona ukuta, akasimama. Kornel alikuwa sikioni mwake, anaeleza, anaomba radhi, anaonyesha ndoo. Padre aliinamisha kichwa huku, akakiinamisha kule. Kisha akasema kweli, na kweli yenyewe ilimvunja Albina moyo.

"Mimi ni mtoto wa Kasanga, kule ziwani. Kwetu tunajua nyavu. Ntumba nimekuwa nikizipita barabarani tu. Picha hii siielewi."

Kornel alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

Misa ikaanza. Injili ya Jumapili ile, kama kila mwaka baada ya Pasaka, ilikuwa ya Tomaso, aliyesema hataamini mpaka atie mkono wake kwenye jeraha la Bwana. Padre alisoma mpaka mwisho, watu wakakaa wakisubiri mahubiri. Badala yake akageuka kuutazama ukuta.

"Tomaso hakuelewa mpaka alipogusa," akasema. "Na mimi leo ni Tomaso. Mama Albina, njoo unieleze ulichochora."

Albina alisimama. Kanisa zima liligeuka, watu zaidi ya mia mbili, na wengine madirishani. Alifungua kinywa. Alijua alichotaka kusema, kilikuwa kimekaa kifuani mwake miaka mingi, lakini hakuna neno lililotoka, hata moja. Mtu akaguna nyuma. Kornel akatazama saa yake.

Ndipo Albina akafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa katika kigango kile. Alimpa Padre mgongo, akapita katikati ya mabenchi, akapita ndoo ya chokaa, akatoka nje.

Padre Leonardi alimfuata, na kanzu yake ya Misa, na kanisa zima likamfuata Padre, wazee, wanawake, kwaya, watoto, wote wanasukumana mlangoni kujua kimetokea nini.

Ukipita mlango wa kanisa lilianza shamba la Bibi Hilaria, mama mzazi wa Kornel, mzee ambaye mwanawe hakuwahi kumshawishi kununua hata kibaba cha mbolea. Ntumba zake zilikuwa za katikati ya Kwaresima. Ukungu ulikuwa bado haujainuka, watu wamejikunyata kwenye khanga na makoti ya mitumba. Albina alipiga magoti kwenye ntumba ya kwanza, akatoboa udongo kwa mkono, akachimba mpaka kwenye majani, akautoa.

"Padre," akasema, na sauti ikatoka. "Tia mkono."

Padre alikunja mkono wa kanzu, akapiga magoti kwenye matope na mavazi meupe ya Pasaka, akazamisha mkono. Wote walimwona uso unavyobadilika.

"Ina joto!" akasema kama mtoto. "Jamani, ina joto!"

Watu wakacheka, Wafipa wote pale, kicheko cha kumwonyesha mgeni kitu cha nyumbani. Ngeleja, ambaye alilima kwa plau na maksai na kuzidharau ntumba kimoyomoyo, alijipenyeza akatia wake. "Mlikuwa mnafukia moto na hamtuambii!"

"Ndani yamekufa," akasema Albina, na sasa maneno yalikuja yenyewe, moja baada ya jingine, kama alivyosoma siku zote. "Ukipita juu unaona udongo, unasema yamekwisha. Ila hayajakwisha, Padre. Yanafanya kazi. Kinachotulisha mwaka kesho kiko humo sasa hivi, gizani, na hakijapoa. Nilipomzika mwanangu nilitia mkono humu nikajua Bwana alilala wapi. Halikuwa shimo tupu la baridi. Ndiyo maana sikuchora mwamba. Nilichora ninachokijua."

Padre alikuwa bado amepiga magoti.

"Kornel," akaita Bibi Hilaria.

"Mama."

"Tia mkono."

"Mama, mimi nazijua ntumba..."

"Ulizijua. Tia mkono. Hicho kilichomo humo ndicho kilichokukuza, si mifuko."

Hakuna mwenyekiti wa kitu chochote duniani anayeweza kubishana na mama yake mbele ya kigango kizima. Kornel alivua saa, akavua koti, akapiga magoti mkabala na Albina, akatia mkono kwa haraka kama mtu anayemaliza adhabu.

Hakuutoa.

Watu walisubiri autoe, lakini alibaki vile vile, amezama mpaka kiwiko, kichwa chini. Mabega yakaanza kutikisika. Hapo ndipo kila mtu alipokumbuka jambo ambalo Kornel hakuwahi kulizungumza dukani wala kanisani: mwaka haujaisha tangu amzike mkewe, Herieth, na siku ya tatu tu baada ya mazishi alikuwa amefungua duka kama kawaida, amekaza uso, na hakuna aliyemwona akidondosha chozi. Watu walisema ana roho ngumu. Albina naye alikuwa amesema hivyo, na sasa aliona aibu.

"Haijapoa," akasema Kornel. Alikuwa analia waziwazi, matope mpaka kwenye shati. "Mama Beda, haijapoa."

"Haijapoa, baba," Albina akamjibu, akamshika bega, ingawa haikuwa desturi.

Kornel alisimama. Hakujifuta mkono. Aligeuka akawatazama wajumbe wa kamati yake, mmoja mmoja.

"Ukuta usiguswe," akasema. "Mimi nikiwa hai, na wanangu baada yangu. Atakayetia brashi pale atanikuta mlangoni."

Padre Leonardi alirudi ndani, magoti yake yamelowa matope juu ya matope ya safari, akasimama mbele ya picha ile na safari hii hakuinamisha kichwa upande wowote.

"Mahubiri yamekwisha," akasema. "Tusimame tukiri imani yetu."

Wakaanza. Waliisema kama inavyosemwa kila Jumapili, kwa mwendo ule wa mazoea, mpaka walipofika penye akafa, akazikwa. Hapo sauti zikapungua, kwa sababu kila mtu aliinua macho kutazama ukuta. Kisha sauti moja ikatangulia wengine wote, nzito, imekwaruzwa na kilio, na ilikuwa ya Kornel: siku ya tatu akafufuka katika wafu! Albina alikuwa na uchungu wa miaka mingi kifuani na furaha kubwa kuliko huo uchungu, akashindwa kujizuia. Akapiga kigelegele katikati ya Nasadiki. Bibi Hilaria akamjibu, wanawake wote wakadakia, kwaya ikapiga ngoma bila kuagizwa, na Ngeleja, ambaye alikuwa hata hajabatizwa, alipiga mluzi wa kuitia ng'ombe mpaka bati likatetemeka. Padre Leonardi alikuwa na kigango kingine cha kuwahi kabla ya saa sita. Alifunga kitabu chake akangoja wamalize.